Chakula cha jioni Kikula, na wageni ambao hawawezi kuja

Ndugu wasikilizaji wa Likasi, na ninyi mliopanga vyumba hapa Kikula kwa sababu vita imewatoa kwenu, leo sina habari ya bei ya makala. Nataka kujibu swali ambalo vijana wa avenyu yetu wanapenda kuulizana jioni umeme ukikatika: kama ungeweza kualika watu maarufu waliokwisha kufa waje kula kwako, ungeita nani? Mmoja anamtaja Pelé, mwingine Mandela. Mimi nasema sitaita mtu asiyejua njia ya kufika Katanga. Wanaoijua wanatosha kujaza kiwanja.

Chakula kwanza. Bukari ya unga wa mahindi uliochanganywa na wa muhogo, sombe yenye karanga na mawese, samaki wakavu wa Kasenga, na munkoyo wa siku mbili. Nyama siahidi.

Wa kwanza kunawa mikono atakuwa Mwami Msiri. Aliuawa kwake Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891, na kapiteni Mbelgiji wa msafara wa Stairs, baada ya kukataa kuwa chini ya bendera ya mfalme Léopold. Lakini mezani sitamuuliza juu ya kifo chake. Nitamuuliza juu ya safari yake. Msiri hakuzaliwa Katanga. Alitoka Unyamwezi, upande wa Tabora, watu wake wakifuata biashara ya shaba, akakaa, akaoa, akatawala. Alikuwa mkali na aliuza watu, sitamsafisha kwa sababu tu ni mgeni wangu. Lakini leo Bayeke ni watu wa hapa, na wanaheshimiwa kama watu wa hapa.

Pembeni yake nitamkalisha Simon Kimbangu. Yeye hakufuata shaba. Alihukumiwa mwaka 1921 kule Bas-Congo, akaletwa kufungwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, na alifia humo gerezani tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30! Mtu aliyekaa Katanga miaka 30, hata kama ni nyuma ya ukuta, mimi ninashindwa kumwita mpita njia.

Sasa tunafika penye ugumu. Patrice Lumumba aliwahi kulala katika mji wetu. Vijana wengi hawajui hilo. Januari 1960 alihukumiwa Stanleyville, akaletwa huku Jadotville kufungwa, na baada ya siku chache tu wakamtoa ili apande ndege kwenda Bruxelles, kwenye ile Table Ronde iliyopanga uhuru. Alitoka gerezani kwetu akaenda kukaa meza moja na wakubwa wa Ubelgiji. Hakuna aliyempa bukari njiani. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 17 Januari 1961, akarudishwa Katanga amefungwa kamba, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, na wote watatu wakauawa usiku uleule. Moïse Tshombe alikuwepo pale, kama tume ya bunge la Ubelgiji ilivyoandika. Mwili ukayeyushwa kwa asidi. Mwaka 2022 tuliletewa jino moja.

Na Tshombe naye nimemwalika. Najua kuna wazee hapa Kikula ambao bado wanalitaja jina lake kwa sauti ya upole, na kuna wengine watakaoondoka wakimwona. Watu wengi wangewaweka hao wawili pembe mbili za meza. Mimi nitawapa sahani moja. Kwetu bukari hailiwi kwa uma, kila mmoja anamega, na mkono wake unapita karibu na mkono wa mwenzake. Sitawalazimisha kusema. Tshombe alikufa mwaka 1969 akiwa kizuizini Algeria, mbali na Musumba alikozaliwa, kwa hiyo naye anajua kulala mahali usipotaka. Lumumba akikataa kula naye, nitamwelewa.

Mzungu nimeita wawili. Komanda Pat Quinlan wa Ayalandi, ambaye Septemba 1961 alizingirwa hapa Jadotville na wajandarma wa Katanga siku tano, yeye na askari wake zaidi ya 150 wa Umoja wa Mataifa. Hakufa hata mmoja wao, ila maji yaliwaishia, na yale yaliyoletwa na helikopta yalikuwa kwenye bidoni zilizobeba mafuta. Huyo atapewa maji kabla ya kitu chochote. Hapa Kikula tunajua bei ya bidoni moja safi. Wa pili ni Edgar Sengier wa Union Minière, aliyetuma New York mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 za mawe ya Shinkolobwe, yaliyokuja kutumika katika bomu la Hiroshima. Marekani ilimpa medali. Nitamkalisha mkabala na mchimbaji mmoja wa Shinkolobwe, yeyote, na nitamwomba Sengier aseme jina la huyo mtu.

Muziki ni wa Jean-Bosco Mwenda, mtoto wa Bunkeya, ambaye Hugh Tracey alimrekodi hapa Jadotville mwaka 1952 na gitaa lake. Acheni apige.

Nikiwatazama wote, naona kila mmoja ametoka mahali pengine, hata Mwami. Na mji wenyewe je? Union Minière ilikusanya wafanyakazi toka Kasai, Lomami, Rwanda, hata ng'ambo ya mpaka, Rhodesia. Mababu wa Kikula walikutana kazini. Ndiyo maana mwaka 1992 siuelewi mpaka leo. Familia za asili ya Kasai, wengi wamezaliwa hapahapa, zilifukuzwa nyumbani kwao, zikalala mashuleni na kwenye gare ya Likasi zikingoja treni ambazo zilichelewa wiki nyingi. Watoto walikufa pale garini kwa magonjwa. Sasa wengine wanarudi, na wapya wanakuja toka mashariki, na bado nasikia watu wakiulizana nani ni mwenyeji.

Jirani yetu mmoja, mama aliyekuwa akiuza mikate, alimwachia mama yangu kinu usiku wa kuondoka, kwa kuwa hakibebeki. Mama yangu amekwisha kufa, kinu kipo. Ndicho nitakachotwangia sombe. Ni cha mti mwekundu, kina ufa mdogo kwenye mdomo, na mchi wake si wa kwanza, ule wa zamani ulivunjika. Mwenyewe akisikia habari hii, au mtoto wake, kiko Kikula, na asingoje tarehe ya karamu.