Waria, Wageni au Macho Manne?

Iwapo hujawahi kufika Sangailu, msomaji mpendwa, usione haya. Hata huko Garissa utawapata wengi wanaolisikia jina hilo wakati wa uchaguzi tu, kwa kuwa ni mojawapo ya wadi nne za eneobunge la Ijara. Ukitoka Nairobi utavuka daraja la Mto Tana na kuingia mjini Garissa, kisha utageuka kusini kuelekea Masalani na Ijara, na kutoka hapo ukamate njia ya kwenda Hulugho, upande wa mpaka wa Somalia. Omba Mungu mvua isinyeshe. Udongo mweusi wa huku ukilowa huwa kama ugali uliokosa unga, na gari likinasa, abiria wote hugeuka kuwa makuli.

Mimi nilifika salama, nikiwa na vumbi hadi kwenye kope. Ilikuwa likizo, na wanavyuo walikuwa wamerejea nyumbani: wengine kutoka Nairobi, wengine Eldoret, na wengine kutoka chuo kikuu cha Garissa. Jioni hiyo kulikuwa na mechi. Upande mmoja wanavyuo, upande wa pili vijana wa bodaboda na wachungaji. Uwanja ni mchanga mtupu, milingoti ya goli ni miti ya msituni, na ngamia hupita katikati bila kumwomba mwamuzi ruhusa.

Kizaazaa hasa kilikuwa nje ya uwanja, kwenye hoteli moja ya mabati, ambako mashabiki wa wanavyuo walikuwa wakinywa chai ya maziwa ya ngamia na kubishana. Timu yao haikuwa na jina. Wao wenyewe, mashabiki, wangeitwaje?

"Waria!" akapendekeza kijana mmoja mrefu. "Si ndivyo wanavyotuita huko Nairobi? Tulichukue liwe letu."

Wakacheka, lakini si wote. Ewe msomaji wa mjini, huenda umewahi kulitumia neno hilo matatuni bila kufikiri. Kwa Kisomali ni neno la kumwita mwanamume, kama vile "wee bwana!" Huku, vijana huitana hivyo mchana kutwa na hakuna anayekasirika. Likitoka kinywani mwa askari anayekuomba kitambulisho mara ya tatu kwa siku moja, huwa neno jingine kabisa.

"Na sisi je?" akauliza msichana mmoja anayesomea ualimu. "Waria ni wa kiume. Mwanamke huitwa naa. Ama mwataka tushangilie tukiwa hatuna jina?"

Hoja hiyo haikujibiwa. Mwingine, shabiki sugu wa Arsenal, akaruka: "Basi tuwe Wanabunduki wa Sangailu!"

Nakwambia, hata vikombe vilinyamaza. Arsenal huitwa hivyo magazetini kila wiki, na mimi mwenyewe nimeliandika jina hilo mara nyingi bila kusita. Lakini vijana hawa wamekulia karibu na msitu wa Boni, ambako serikali ilianzisha operesheni ya kijeshi mnamo 2015. Mwaka huohuo, alfajiri ya Aprili 2, watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha Garissa, wengi wao wakiwa wanafunzi wa umri wao. "Walalo," akasema mmoja aliyekuwa amevaa fulana ya chuo hicho, kwa upole tu, "chagua jingine." Mpenzi wa Arsenal akainamisha kichwa, akakoroga chai iliyokuwa imekwisha korogwa.

Kuna aliyenong'ona jina la ukoo wake. Mwenye hoteli, mzee ambaye wote humwita adeer, akalitupilia mbali kabla halijafika mbali. Akawakumbusha kuhusu Abaluhya, klabu iliyoundwa 1964, na jinsi mwaka wa 1980, wakati majina ya kikabila yalipopigwa marufuku michezoni, ilivyogeuka kuwa AFC Leopards. "Na hadi leo Ingwe hulia na kucheka kama kawaida," akasema. "Ukoo wenu nyote naujua. Uwanjani sitaki kuusikia."

Wengine wakataja Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi na Blak Blad ya Kenyatta. Wakazomewa, kwani hizo ni za raga.

Ndipo kelele zikaingia kutoka uwanjani. Mashabiki wa bodaboda walikuwa wakiimba: "Wageni! Wageni! Rudini Kenya!"

Huku, mtu anayesafiri kwenda Nairobi husemwa "ameenda Kenya", kana kwamba amevuka mpaka. Ni mzaha mzee. Hata hivyo nilimwona yule msichana akikunja uso. Baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe mnamo Januari 2020, Tume ya Huduma za Walimu iliwahamisha wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera, na madarasa yakabaki na watoto na ubao. Tangu aanze chuo, akaniambia, kila likizo huwafundisha hesabu watoto wa jirani chini ya mti. "Kule ni waria, hapa ni mgeni," akasema. "Sasa mimi wa wapi?"

Jibu, au kitu kinachofanana na jibu, kilitoka kwa kijana mwenye miwani minene. Akasema tumchukue hirola. Swara huyo hapatikani porini popote duniani ila katika pembe hii ya Kenya na, pengine, ng'ambo ya mpaka. Kundi dogo la Tsavo lilipelekwa huko na binadamu. Miaka ya 1970 walizidi 10,000. Leo hawafiki 500, na wenyeji wa Ijara wenyewe ndio waliotenga ardhi ya Ishaqbini ili kuwahifadhi. "Tena chini ya macho ana tezi kubwa," akaongeza akisukuma miwani yake juu, "ndiyo maana husemwa ana macho manne. Kama mimi!"

Hoteli ikalipuka kwa vicheko. Macho Manne! Wakatoka mbio kwenda uwanjani wakiliimba, na adeer akawafuata akidai pesa za chai.

Dakika chache baadaye mwendesha bodaboda mmoja, miguu mitupu, akapiga mkwaju ulioruka juu ya mchanga, ukampita kipa wa wanavyuo akiwa bado anautafuta. Upande wa pili ukaangua kicheko: "Macho manne na hukuona?"

Mwamuzi alipuliza kipenga cha mwisho kabla ya adhana ya magharibi. Moja kwa bila. Alfajiri nilipokuwa nikipanda gari, yule msichana alikuja kuuliza nitaandika gazetini kwamba wanaitwaje. Nikamwuliza niandike nini.

"Usiandike kitu kwanza," akasema. "Ijumaa kuna marudiano."