Ntoto wa Nachingwea

Nilimkuta stendi ya Nachingwea asubuhi, nikisubiri gari la kwenda Ruangwa kufuatilia habari ya bei ya korosho. Alikuwa amekalia ndoo ya rangi, anasoma kitabu chembamba kilichochanika jalada. Midomo ilimcheza kama mtu anayesali. Nikachungulia: *Kinjeketile*.

"Una mtihani?" nikamuuliza.

"Hapana kaka. Nakariri tu."

Ana miaka 22, ni dereva wa bodaboda, na jioni anafundisha maigizo watoto wa mtaani kwao chini ya mwembe. Siku hiyo alikuwa anakwenda Ruangwa kuulizia ukumbi. Tukakaa siti moja. Akaniuliza mimi ni mwenyeji wa wapi. Nikajibu, "Dar."

Nikamuuliza uigizaji ulimwingiaje. Akasema ulianzia kibanda umiza, kwenye benchi la mbao, wanamziki wa Kihindi na makomando wa Kimarekani wote wakiongea kwa sauti moja, ya Lufufu. Kisha akamwona Steven Kanumba. "Nilivyosikia katoka Shinyanga, nikasema kumbe! Siyo lazima uzaliwe mjini." Kanumba alipofariki Aprili 2012 yeye alikuwa na miaka kumi. Anakumbuka mama yake alizima redio, akakaa kimya, sufuria ikaungua jikoni.

Halafu, sekondari, mwalimu akampa *Kinjeketile*, tamthiliya ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Hakikumshika kitabu tu. Kilichomshika ni kusikia kwamba mwandishi alizaliwa Lindi, mwaka 1943. "Mkoa wetu, kaka. Mtu wa mkoa wetu."

Mwaka juzi aliuza simu yake akaenda Dar kwenye usaili wa filamu. Alijiandaa kucheza baba aliyefiwa na mtoto. Alipofungua mdomo tu, watu wakacheka. Wakampa nafasi ya mlinzi wa geti. Wakamwambia, "Ongea hivyo hivyo Kimakonde Kimakonde." Yeye ni Mmwera, lakini hakubisha. Akacheza siku moja, akalipwa, akarudi.

Filamu ilipofika Nachingwea, mtaa mzima ulijaa kumtazama. Wakacheka mpaka machozi. Mama yake naye akacheka. Walipokuwa wanarudi nyumbani, gizani, akamuuliza mwanawe taratibu, "Hivi ndivyo tunavyoongea sisi?"

Hapo nikatazama nje. Konda alitaka kutuongezea abiria wa tatu kwenye siti ya wawili, nami nikapata mahali pa kumalizia hasira. Nikamfokea. Tukanyamaza kidogo.

Ukweli ni kwamba mimi nilizaliwa Nachingwea. Chuo kikuu, muhula wa kwanza, nilisema neno moja darasani, watu wakageuka. Nikaanza kuusafisha ulimi wangu kama mtu anayefuta tope viatuni kabla ya kuingia kwa watu. Leo wenzangu kazini wananisifia Kiswahili kisicho na kabila. Mama akinipigia husema naongea kama barua ya halmashauri.

"Sasa unataka nini?" nikamuuliza. Anataka kusoma TaSUBa, Bagamoyo, akipata ada. Lakini kwanza anataka kuigiza *Kinjeketile* na watu wa huku, kwa lafudhi ya huku. Nikamwambia watu watacheka, watadhani ni vichekesho. Nilisema kama ndugu anayeonya, ila nadhani nilikuwa najitetea.

"Majimaji ilipiganwa Kusini huku, 1905 mpaka 1907," akasema. "Unadhani wale wazee walikuwa wanaongea kama watangazaji?"

Akasimama, mkono mmoja kwenye bomba la juu, akaigiza sehemu ya mwisho, pale Kinjeketile anapotakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo, na anakataa. Anakataa kwa sababu akisema hivyo, watu watakata tamaa na kuacha kupigana. Aliigiza kwa sauti ya chini, kwa ulimi ule ule uliochekwa Dar. Nilisubiri kicheko. Mama mmoja mwenye kapu la mihogo aliacha kumenya chungwa. Konda akapunguza muziki. Hakuna aliyecheka.

Niliwahi kuona mchezo huo ukiigizwa na watu wenye ndimi safi kama yangu. Siku ile ndipo nilipomwamini Kinjeketile.

Tuliposhuka Ruangwa akaenda kuulizia ukumbi wake. Nilimwita kabla hajafika mbali.

"Dogo, nilikudanganya. Mimi siyo wa Dar. Kwetu ni hapo hapo Nachingwea."

Akacheka, safari hii mimi ndiye niliyechekwa.

"Nilijua, kaka. Ulipomfokea konda ulisema, 'Huyu ntu atakaa wapi?'"

Habari ya korosho niliiandika, ikatoka. Ukumbi alikuwa bado hajaupata. Nimemwahidi kwamba akiupata nitakuja, na sitakuja na kinasa sauti. Ameniambia kuna nafasi ya mzee mmoja wa kijiji ambayo bado haina mtu.