Bowa ya ku Magogo

Ukitoka Lubumbashi kwenda Likasi wakati wa mvua, utaona kando ya barabara mabeseni ya bowa, na karibu yake magunia ya makala. Vyote vinatoka mu pori moja.

Bowa mingi tunayokula inaishi na mizizi ya miti mizima, kama muputu: muti ukikatwa, nayo inakwisha. Kuna ingine inayokula muti uliokufa. Inaota ku magogo na ku visiki, inaviozesha pole pole mpaka vinakuwa udongo. Adui yake ni jua. Ukipunguza miti kidogo na kuacha matawi chini, inapata chakula na kivuli. Ukikata yote, gogo linakauka. Ukichoma yote makala, chakula chake kinaingia mu gunia.

Na mbolea ya duka? Ile yenye azoti, ikizidi, inaweza kuchelewesha kuoza kwa miti.

Basi, mukate kwa kuchagua. Muache magogo mazee mahali pake, na visiki vichipuke tena. Tena musichume karibu na viwanda vya shaba, kwani bowa inanyonya madini ya udongo, na watoto njo watakula.