Usiseme ni Baridi Tu

Akina mama wapenzi, leo naomba mniruhusu niache habari za lishe na chanjo, nizungumze juu ya matairi. Najua wengine watacheka. Lakini siku hizi wengi wetu tunaendesha: tunapeleka watoto shule, tunawahi zamu, tunabeba wagonjwa usiku. Kuendesha tumejifunza, ila habari za upepo na oili tumemwachia baba watoto, na yeye naye amemwachia fundi.

Mimi naishi Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku baridi hushuka chini ya nyuzi 10, na kuna asubuhi unakuta umande umeganda juu ya majani. Ndiyo miezi ninayosikia maneno haya mara kwa mara: “Dada, kuna taa ya njano inawaka asubuhi, nikitembea kidogo inazima. Nimeambiwa ni baridi tu.”

Taa hiyo ina umbo kama la kiatu cha farasi, na katikati ina alama ya mshangao. Kazi yake ni kusema kwamba upepo wa tairi umepungua. Si kila gari linayo. Marekani iliiweka katika sheria kwa magari madogo yote mapya tangu 2007, na nchi za Umoja wa Ulaya kwa magari mapya yote tangu 2014. Mengi ya haya tunayoagiza kutoka Japani yakiwa yametumika hayana, kwa hiyo mwenye gari la namna hiyo asingoje kuonywa na mtu.

Ni kweli kwamba baridi hupunguza upepo. Hewa ikipoa husinyaa, na kwa kila nyuzi 10 za kupoa tairi hupoteza kama paundi 2. Sasa fikiri: umetoka sokoni saa nane mchana, jua kali, matairi yamepata moto barabarani, ukapita kituo cha mafuta wakakujazia paundi 32. Alfajiri tairi lile lile limepoa kwa nyuzi 30. Ukilipima utakuta 28 au pungufu. Hakuna aliyekuibia upepo.

Lakini hapa ndipo ninapobishana na hao wanaosema “ni baridi tu”. Katika magari mengi taa hiyo haiwaki kwa upungufu wa paundi 3 au 4. Hungoja mpaka upepo upungue karibu robo nzima. Kama tairi lako linatakiwa kuwa na 32, basi limefika kwenye 24 hivi. Tairi lililojazwa sawasawa haliwezi kufika huko kwa baridi ya usiku mmoja wa Njombe. Lilikuwa limepungua tangu zamani, maana hata tairi zima hupoteza kama paundi moja kwa mwezi, au lina tundu. Baridi imekuja kumalizia tu.

Julai mwaka jana tulikuwa akina mama wanne tukienda harusini Morogoro kwa gari la mwenzetu, kijana wake akiendesha. Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, na taa ikawaka. Kijana akasema, “Mama, hiyo ni baridi, likipata moto itazima.” Kweli, tulipokaribia Makambako ikazima, na wenzangu wakashangilia. Nikamwambia, “Mwanangu, simama kwa fundi pancha, nitalipa mimi.” Mwenye gari akaeleza kwamba ilikuwa siku ya nne taa inawaka kila alfajiri, na kila mara ilizima kabla hajawafikisha wajukuu shuleni.

Fundi akapima. Matairi matatu yalikuwa na 31. La nne, la nyuma kushoto, lilikuwa na 26, na ndani yake kulikuwa na msumari. Akina mama, baridi haichagui tairi moja. Ikipunguza, hupunguza yote manne kwa kiasi kinacholingana. Ukiona moja limeachwa nyuma na wenzake, tafuta msumari au angalia valvu. Taa ilizima kwa sababu mwendo ulilipasha tairi moto na hewa ikatanuka kidogo. Tundu lilikuwa pale pale. Na mbele yetu kulikuwa na mteremko wa Kitonga, kisha joto la Ruaha Mbuyuni. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila linapozunguka, na huko kujikunja hulichemsha mpaka huweza kupasuka, hasa gari likiwa limejaa watu na mizigo.

Kuhusu kupima, wodini hatumpimi presha mgonjwa aliyepanda ngazi sasa hivi. Tunamketisha dakika tano kwanza. Tairi nalo lipimwe asubuhi kabla gari halijaondoka, au likiwa limesimama saa tatu au zaidi. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko mlangoni kwa dereva. Namba iliyochorwa ubavuni mwa tairi si hiyo. Ile ni ya juu kabisa, ambayo haifai kupitwa. Na ukishuka bondeni kwenye joto ukakuta kipimo kimepanda, usikubali mtu atoe upepo. Ukirudi kwenye baridi utajikuta huna kitu. Nunua kipimo chako mwenyewe, hata kile kidogo kama kalamu, kikae garini. Vipimo vya vituoni vimeangushwa mara nyingi mno.

Kama taa inapepesa kwa dakika nzima hivi ndipo inatulia ikiwaka, mara nyingi mtambo wenyewe wa kupima una hitilafu. Hapo mwone fundi wa umeme wa magari, na katikati ya kungoja upime kwa mkono.

Msisahau spea. Magari mengi hayaipimi, na baridi inaifikia kama mengine. Siku ile Makambako fundi alitaka kutufungia spea tuendelee na safari, akakuta ina paundi 15. Ikabidi tukae kwenye benchi lake, tumejifunika khanga, mpaka alipomaliza kuziba.