Uso Haupigwi Msasa

Tarumbeta ya alfajiri ilipolia katika kambi moja ya polisi mjini Kampala, binti wa sajini alikuwa macho zamani, ameketi mbele ya kioo kidogo, akizihesabu chunusi zake. Alikuwa na umri wa miaka 16. Zilikuwa zimemwota kipajini na mashavuni. Nyingine zilikuwa na vichwa vyeusi, nyingine zimeiva usaha. Siku hizo hakupenda tena kutumwa dukani, na kila alipopita penye bomba la maji aliinamisha kichwa, kwani vijana wa kambini hawakosi jina la kumbandika mtu.

Baba yake, mtu aliyezoea kwamba kisichong'aa ni kisichosuguliwa, alimwambia, "Mwanangu, chukua sabuni ya kufulia, usugue uso." Binti akatii. Akasugua asubuhi, mchana na jioni. Uso ukakauka na chunusi zikazidi.

Sajini hakujua, kama wasivyojua wazazi wengi, kwamba chunusi si ushahidi wa uchafu. Mtoto anapobalehe, homoni huziamsha tezi za ngozi zikatoa mafuta kwa wingi. Maganda ya ngozi iliyokufa huchanganyika na mafuta hayo na kuziba vinyweleo. Vijidudu vikaavyo ngozini siku zote huzaliana humo, na uvimbe huanza. Sabuni kali haifiki huko ndani. Huondoa mafuta ya juu tu, na kuichokoza ngozi.

Ndipo shangazi yake alipomletea chupa aliyoinunua sokoni. Aliambiwa kuwa ndani mna asidi ya glikoliki, dawa itokayo katika miwa. Neno miwa likamtuliza mama, kwani ni nani asiyeijua miwa ya Lugazi na Kakira? Asidi hiyo imo kweli katika miwa, ingawa nyingi iuzwayo hutengenezwa viwandani. Na asili ya mmea haiifanyi kuwa pole. Kazi yake ni kulegeza kile kinachoyashikanisha maganda ya ngozi iliyokufa, ili yabanduke na njia za mafuta zizibuke.

Lakini heri na shari yake zimo katika kipimo. Dawa ya kutumia nyumbani haifai kuzidi asilimia 10, wala pH yake isishuke chini ya 3.5. Ile ya asilimia 30 hadi 70 ni ya mkono wa mtaalamu, ambaye huiweka usoni kwa dakika chache akitazama saa, kisha huiondoa. Chupa ya sokoni haikuandikwa kipimo chochote.

Usiku ule binti alijipaka uso mzima. Uso ukamwaka, akavumilia akidhani kuwaka ndiko kupona, akalala nayo. Asubuhi mashavu yalikuwa yamevimba na kubabuka, naye akaenda shuleni akasimama juani katika gwaride. Baada ya juma moja magamba yalianguka, yakaacha mabaka meusi makubwa kuliko chunusi zenyewe. Binti akajifungia chumbani akasema haendi shule tena. Mama alilia. Shangazi, kwa aibu, akaacha kuja.

Siku ya tatu sajini alimshika binti yake mkono, akampeleka katika zahanati ya kambi. Tabibu alikuwa mama mwenye cheo cha inspekta. Aliutazama ule uso kwa muda, kisha akageuka.

"Sajini, kuruta hukabidhiwa bunduki siku ya kwanza, kabla ya mafunzo?"

"La, afande."

"Basi na asidi ni vivyo hivyo."

Amri yake ya kwanza ilikuwa kuacha kila kitu: sabuni ya kufulia, chupa, hata maji ya ndimu. Uso uoshwe kwa maji na sabuni laini, upakwe vaselini, ukingwe na jua mpaka upone. Ngozi nyeusi ikiungua au ikivimba, alieleza, huweka madoa ambayo huchukua miezi kufifia. Akaonya pia juu ya krimu za kung'arisha uso, kwani baadhi yake zina zebaki, na zebaki hudhuru figo.

Uso ulipopona, akampangia safari mpya. Kwa chunusi zilizoiva alimpa dawa ya benzoili peroksaidi. Asidi ya glikoliki ingekuja baadaye, ya asilimia 5, yenye kipimo juu ya chupa. Kwanza ipakwe kidogo ndani ya mkono, isubiriwe siku mbili. Kisha ipakwe mara mbili tu kwa juma, usiku, juu ya uso mkavu, mbali na macho na midomo, wala isichanganywe na dawa nyingine usiku huo. Mchana ni kofia pana na mafuta ya kukinga jua, kwani asidi hii huifanya ngozi iungue upesi. Matunda yake yatazamiwe baada ya majuma 8 hadi 12. Na uvimbe mkubwa wenye maumivu usitibiwe nyumbani, uletwe zahanati.

Sajini alirudi nyumbani akachora jedwali kama lile la zamu za lindo, akalibandika ukutani: Jumatatu na Alhamisi, asidi, siku nyingine, mapumziko. Kila usiku wa zamu aliuliza kwa sauti ya chini, "Imekuwasha?" Binti akajibu, "Kidogo tu, baba." Hakusema tena neno sugua.

Binti alirudi shuleni na mabaka yake, chini ya kofia. Mwezi wa tatu chunusi zilikuwa zimepungua sana, na madoa yakaanza kufifia. Hayakuwa yamekwisha. Lakini jioni moja mama alimtuma maji, naye akachukua ndoo akaenda bombani bila kuinamisha kichwa. Sajini alimtazama kutoka mlangoni hata alipojaza ndoo, akaingia ndani, akaweka alama katika jedwali: ilikuwa Alhamisi.