Krismasi Niliyobaki Lemara

Sisi watu wa Kilimanjaro tunaoishi Arusha tuna neno letu la utani ifikapo Desemba: tunasema tunakwenda kuhesabiwa. Kuanzia tarehe 20 hivi stendi hujaa, nauli hupanda kimyakimya, na mabasi ya Moshi na Rombo hubeba watu pamoja na magunia ya mchele na madumu ya mafuta ya kula. Ukibaki mjini, jirani wa kabila jingine atakuuliza kulikoni. Ndugu zako kijijini hawatauliza. Watakuwa wamekwisha kujijibu wenyewe.

Desemba ya mwaka 2020 mimi nilibaki Lemara.

Kazi yangu, ndugu msomaji, ilikuwa kupika porini. Kwa miaka kumi na minne nilifuatana na wageni Tarangire, Ngorongoro na Serengeti. Mpishi wa safari husafiri akiwa amebanwa na masanduku ya vyakula, na gari likisimama kambini yeye hapumziki. Huwasha makaa, na kabla giza halijaingia supu inatakiwa iwe mezani. Nilijifunza kuoka mikate na keki bila jiko la umeme. Sufuria ndogo huwekwa ndani ya kubwa, mawe madogo chini, mfuniko juu, na juu ya mfuniko makaa ya moto. Wageni walikuwa wakipiga picha keki zile kuliko walivyopiga picha nyumbu, nami nilikuwa nikijivuna.

Tarehe 16 Machi 2020 ilitangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona nchini amepatikana, na kwamba alikuwa ameshuka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro siku moja kabla, tena yuko katika hospitali yetu ya Mount Meru. Habari hizo zilinikuta nikifunga masanduku ya safari ya siku sita. Kesho yake shule zikatangazwa kufungwa. Hazikupita wiki mbili, magari yote yakawa yamepangwa uani kama ng'ombe waliokosa malisho, na mwajiri wetu akatuambia twende nyumbani, tutaitwa. Aprili tulipata nusu mshahara. Mei hatukupata kitu. Simlaumu sana, hata yeye hakuwa na mgeni wa kumtoza.

Ndege za abiria kutoka nje zilizuiwa mwezi wa Aprili, zikaruhusiwa tena tarehe 18 Mei. Lakini kuruhusu ndege kutua ni jambo moja, na kumpata abiria wa kukaa ndani yake ni jambo jingine. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni moja na nusu; mwaka 2020 walikuwa 620,867. Kwa mtu wa mbali hizo ni tarakimu tu. Kwa Arusha zilikuwa na sura: dobi wa hoteli, mchonga vinyago, mama aliyetuuzia karoti na vitunguu kila Jumatatu. Baadaye ilifika hata kwa kinyozi wa mtaani kwetu, ambaye hajawahi kumgusa Mzungu kichwani, kwa sababu wateja wake tulikuwa sisi.

Hayo yote ningeweza kuyavumilia. Jambo lililonila ni uongo wangu mwenyewe.

Mama yangu yuko Rombo. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nikimtumia shilingi 40,000. Mwezi wa tano nilizituma, wa sita nikazituma, wa saba nikazituma, na kila nilipopiga simu nilimwambia kazi inakwenda, ila wageni wamepungua kidogo. Fedha hizo zilitoka wapi? Kwanza niliuza televisheni, kisha pikipiki. Mke wangu aliniambia neno moja ambalo lilinikasirisha kwa siku tatu kwa sababu lilikuwa la kweli: "Baba, humsaidii mama. Unanunua jina la kuwa na kazi." Wakati huo deni letu katika daftari la mwenye duka lilikuwa limefika 186,000, na mtoto akitumwa sukari alikuwa anazunguka nyuma ya nyumba ili asitumwe.

Mwezi wa nane jirani mmoja alikuwa na sherehe ya mwanawe. Mke wangu, bila kunishauri, akamwambia kwamba mimi naoka keki. Nilikataa. Mwanamume mzima nipeleke keki nyumba kwa nyumba? Nikaioka hata hivyo, usiku, mlango umefungwa. Wiki iliyofuata watu wawili walikuja kuulizia mikate. Nilianza na minane kwa siku. Vijana wa bodaboda wa pale kijiweni wakanipa jina la Mama Mikate, nami nikawa napita njia ya mbali nisikutane nao, mpaka siku moja nilichoka na mzunguko ule nikapita katikati yao na beseni langu. Wakanunua mikate mitatu. Jina halikufutika, lakini deni la mkate hawakuniwekea hata mara moja, jambo ambalo siwezi kulisema juu ya wateja wangu wenye heshima.

Siku ya Krismasi niliamka saa kumi alfajiri kuwasha makaa. Mtaa ulikuwa kimya, nusu ya nyumba zina makufuli, na Mlima Meru ulionekana wote. Jioni simu ikalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mmekula?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumdanganya: gari limeharibika, mtoto ana homa. Sijui yalikwenda wapi. Nilimwambia kwamba sina kazi tangu Machi na kwamba ninauza mikate.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilijua tangu mwezi wa sita. Mwenye kazi hampigii mama yake saa tano asubuhi siku ya Jumanne." Akaendelea: "Hela yako ya mwezi wa sita na ya mwezi wa saba sikuigusa. Iko kwenye kopo. Nitamtuma mtoto akuwekee kwenye simu, ununue unga."

Kwetu mtu aliyemkosea mwenzake humwendea na jani la sale, lile linalopandwa mipakani mwa vihamba, na ni vigumu kumkatalia msamaha mwenye jani hilo. Nilimwambia mama kwamba simu haipitishi sale. Alicheka. "Utaileta ukija."

Usiku wa kuamkia mwaka mpya sikuandika maazimio. Nimeyaandika miaka mingi na Januari huyala yote pamoja na akiba. Niliandika bei ya mifuko miwili ya unga, hamira, makaa, na sehemu ya deni la duka. Tarehe 2 Januari 2021 nilimpelekea mwenye duka 20,000. Alifunua daftari, akatafuta jina langu kwa kidole, akakata mstari mmoja, akanipa sukari robo bila kuiandika.

Nilikwenda Rombo Februari. Stendi ilikuwa tupu, na nauli ilikuwa ile ya kawaida. Nilikata jani la sale kwenye mpaka wa jirani, nikaingia nalo uani. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka juu ya kabati, kisha akauliza mkate uko wapi.