Wosia kwa Wauguzi Vijana wa Ubwari

Wanangu, na ninyi wajukuu zangu mnaosomea uuguzi Baraka na Fizi,

Miguu yangu haipandi tena vilima vya Ubwari, na kazi ya wodi nimewaachia. Mali ya kugawa sina. Nina neno juu ya mgonjwa aliyevimba: msimpe dawa kabla hamjajiuliza maji yake yamekaa wapi.

Bwaki, yaani utapiamlo wa kuvimba, mnaijua. Mama anashuka mtumbwini na mtoto mwenye mashavu ya duara, nywele zimepauka, ngozi ya miguu inang'aa, na majirani wamemsifu kuwa amenenepa. Mizani nayo inasema vilevile. Bonyezeni miguu yote miwili kwa kidole gumba, sekunde tatu. Mashimo yakibaki, sehemu ya kilo zile ni maji. Nyumbani kwao ni bukari ya mihogo na sombe, ndagala zimekwenda sokoni. Msimgombeze mama huyo, nawasihi.

Maji hayo yana kipimo chake. Ni kama mtungi usioweza kuumwaga: tia humo chumvi uliyoipima, koroga, kisha angalia imekolea kiasi gani: ikiwa hafifu, maji ni mengi. Mwaka 1934 George de Hevesy na Erich Hofer waliupima mwili wa binadamu kwa njia hiyo, wakitumia maji mazito, yaani maji yenye haidrojeni ya aina nzito. Mtu hunywa kiasi kidogo kinachojulikana, yanasambaa kila mahali mwilini kwa saa chache, kisha mate au mkojo wake huchunguzwa. Bromidi hubaki zaidi nje ya seli, hivyo hupima maji ya huko. Rangi ya buluu ya Evans hushika albumini, protini ya damu, nayo hupima utegili ulio ndani ya mishipa. Ukitoa maji ya nje katika maji yote, unapata yaliyo ndani ya seli. Mtu mzima mwenye afya, karibu asilimia 60 ya uzito wake ni maji, na theluthi mbili zake zimo ndani ya seli.

Wataalamu wa Cape Town walichapisha mwaka 1965 vipimo vya maji ya watoto wenye bwaki, kabla ya uvimbe kupungua na baada yake. Vipimo vya namna hiyo vimeonyesha jambo ambalo jicho halilioni: hata mtoto aliyekonda bila kuvimba, maji ni sehemu kubwa mno ya uzito wake, kwa kuwa nyama na mafuta vimekwisha. Na mwaka 1980 Michael Golden na wenzake, Jamaika, walieleza kwamba uvimbe hupungua kabla albumini haijapanda. Kwetu Kivu pia, huko Lwiro, Hubert Vis na wenzake waliichunguza bwaki kwa miaka mingi.

Kwa hiyo dawa ya kukojoza msimpe mtoto wa bwaki. Amevimba miguu, lakini mishipa yake inaweza kuwa na upungufu wa maji, na seli zake zimepoteza potasiamu na kujaa sodiamu. Serumu msimtundikie ovyo. Moyo wake ni dhaifu. Mpeni maziwa ya F-75 kidogo kidogo, usiku na mchana, na mwenye uvimbe mkubwa apewe mililita 100 kwa kilo kwa siku, si 130. Siku za kwanza uzito utashuka, na mama ataogopa, pengine atataka kumrudisha kijijini. Kaeni naye chini, mwelezeni kwamba ni maji yanayotoka.

Baraka hatujawa na mashine ya kusoma maji mazito. Lakini mate yakifungwa vizuri katika kichupa husafiri, na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki limekuwa likifundisha kipimo hiki katika nchi nyingi za Afrika. Mwenye kichwa cha kemia kati yenu aende akakisomee, kisha arudi Ubwari, maana watoto wa kupimwa wako hapa.